Kumnyamazisha Mpiga Mbiu Mmoja: Dawa ya Imatinib na Saratani ya Damu

Kama una sufuria motoni, punguza moto kidogo, vuta kigoda uketi. Na kama jirani yako hana redio, mwite mlangoni asikilize nawe.

Leo tunazungumzia saratani. Najua neno hili linaogopesha. Wengi wetu tukilisikia tunaanza kupanga matanga. Lakini iko saratani moja ya damu ambayo wagonjwa wake wengi leo wanaamka, wanafanya kazi na kulea watoto wao kwa miaka mingi, kwa sababu ya kidonge cha kumeza kila siku. Tutaeleza kidonge hicho kinafanyaje kazi, na kwa nini kukimeza bila kukosa ni jambo la kufa na kupona.

Uchovu usiokwisha

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Ana miaka 36, ana watoto watatu, anauza sukuma wiki upande wa Nairobi Dam. Kwa miezi kadhaa amekuwa akichoka kupita kiasi. Akibeba mtungi wa maji hatua ishirini, anautua. Usiku anatoka jasho hadi shuka inalowa. Sketi zake zimelegea kiunoni. Ajabu ni kwamba huku akikonda, tumbo lake upande wa kushoto chini ya mbavu limejaa. Akila matonge matatu ya ugali anahisi ameshiba.

Mara ya kwanza alinunua dawa ya malaria dukani. Mara ya pili akanunua tena. Akapimwa kifua kikuu, hakupatikana nacho. Majirani wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema ni Ukimwi, mwingine akasema amerogwa. Mwishowe alifika kwa mhudumu wa afya ambaye alimlaza kitandani, akambonyeza tumbo, akakuta kitu kigumu upande wa kushoto. Hiyo ilikuwa wengu, ambayo wengine huiita bandama, nayo ilikuwa imevimba. Akaandikiwa kipimo cha kuhesabu chembe za damu.

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila mikrolita ya damu, yaani kitone kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Mwenye ugonjwa huu anaweza kukutwa na chembe zaidi ya 100,000 katika kitone hicho hicho. Ugonjwa huu huitwa lukemia sugu ya mayeloidi. Neno sugu hapa lina maana kwamba unakwenda polepole, haukurupuki. Usipotibiwa, baada ya miaka michache hugeuka kuwa mkali, na hapo mgonjwa huwa hatarini sana.

Akina mama, tuelewane hapa. Si kila uchovu ni saratani, na si kila tumbo lililojaa ni saratani. Malaria ya mara kwa mara, kichocho na kala-azar pia huvimbisha wengu. Ndiyo sababu hatutibu kwa kukisia. Kipimo cha kuhesabu chembe za damu ni cha kawaida, hufanyika katika hospitali nyingi, na ndicho huonyesha njia ya kufuata.

Jambo lingine la kutuhusu sisi: katika nchi za Ulaya wengi wa wagonjwa hawa huwa watu wa umri mkubwa zaidi. Hapa kwetu wengi hugunduliwa wakiwa bado wadogo, katika miaka ya 30 na 40, wakati ambapo watoto wanawategemea. Watoto pia huupata, ingawa ni mara chache.

Mbiu inayolia bila jambo

Sasa tuingie ndani ya mwili. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Fikiria siku ambayo maji yamekatika mtaani. Mitungi imepangwa nje ya milango, kila mtu anasubiri. Ghafla kijana anapita vichochoroni akipaza sauti: "Maji yamefika! Maji yamefika!" Papo hapo milango inafunguka na watu wanatoka na mitungi. Maji yakiisha, kijana ananyamaza na watu wanarudi ndani.

Chembe za mwili wetu huishi hivyo hivyo. Chembe haijigawi ovyo ili kutoa chembe nyingine. Husubiri habari. Umejikata kidole, habari inapelekwa kwamba ngozi mpya inahitajika. Umepoteza damu wakati wa kujifungua, habari inapelekwa kwenye uboho wa mifupa kwamba damu mpya inahitajika. Wanaopitisha habari hizo ndani ya chembe huitwa kinasi. Mwili wa binadamu una aina zaidi ya 500 za kinasi. Kila moja ni mpiga mbiu mwenye kazi yake. Hupokea habari, huipokeza kwa mwenzake, naye kwa mwenzake, mpaka chembe inatii. Kazi ikiisha, hunyamaza.

Ili kinasi ipige mbiu huhitaji pumzi. Pumzi yake ni chembechembe ndogo ya nguvu inayotokana na chakula tunachokula. Kila kinasi ina tundu ambamo nguvu hiyo huingia, kama mdomo. Tundu likiwa wazi na nguvu ikaingia, kinasi hupiga mbiu. Likizibwa, haiwezi kutoa sauti. Kumbuka tundu hili, maana ndilo tutakalorudia.

Katika lukemia sugu ya mayeloidi, mpiga mbiu mmoja ameharibika. Anapiga kelele mchana na usiku kwamba damu inahitajika, hali haihitajiki. Mbiu inalia, lakini hakuna jambo. Uboho unatii na kumwaga chembe nyeupe bila kikomo. Zinajaa kwenye damu, zinajazana kwenye wengu mpaka inavimba. Chembe nyekundu zinazobeba hewa hukosa nafasi, na mama wetu anashindwa kubeba mtungi.

Mpiga mbiu huyu alitoka wapi?

Mwaka 1960, wanasayansi wawili wa mji wa Philadelphia huko Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, walichungulia damu ya wagonjwa hawa kwa hadubini. Wakaona kwamba kromosomu moja ilikuwa fupi kuliko kawaida. Kromosomu ni kama vitabu vya maagizo ndani ya kila chembe. Binadamu huwa na vitabu 46. Mwaka 1973 mama mmoja mwanasayansi wa Chicago, Janet Rowley, akagundua kilichotokea. Kitabu cha namba 9 na kitabu cha namba 22 vilikuwa vimekatika na kubadilishana vipande.

Katika kubadilishana huko, jeni mbili ambazo kwa kawaida hukaa mbali huungana. Moja ni ya kinasi iitwayo Abl. Ikiwa mahali pake, Abl hupiga mbiu ikiitwa tu, na ina kizuizi chake cha kuinyamazisha. Ikishaunganishwa na kipande kigeni kiitwacho Bcr, kile kizuizi hupotea. Ndiyo inakuwa Bcr-Abl, mpiga mbiu asiyejua kunyamaza.

Mabadiliko haya hutokea katika chembe moja ya uboho mtu akiwa tayari amezaliwa. Kwa hiyo, mama, sikiliza vizuri:
- Hukuurithi kwa wazazi wako, na hutawarithisha watoto wako.
- Hauambukizwi kwa kula pamoja, kulala kitanda kimoja, wala kunyonyesha.
- Si laana wala si uchawi.
- Si kosa la mtu yeyote.

Kutafuta dawa ya mdomo mmoja

Zamani saratani ya damu ilitibiwa kwa dawa zinazoua chembe zote zinazokua haraka. Ni sawa na kutuma askari watimue kila mtu kichochoroni kwa sababu kijana mmoja anapiga kelele. Mwenye kosa anapigwa, na mama aliyetoka dukani naye anapigwa. Ndiyo maana nywele hunyonyoka na mdomo hutoka vidonda. Dawa hizo bado zinahitajika kwa saratani nyingi na zinaokoa maisha. Lakini kwa lukemia hii hazikuwa zikiuzuia ugonjwa kwa muda mrefu.

Swali likawa hili: je, inawezekana kumziba mdomo mpiga mbiu yule mmoja, na wengine wote waendelee na kazi zao? Wataalamu wengi walidhani haiwezekani. Kinasi zote hutumia nguvu ya aina moja, kwa hiyo midomo yao inafanana. Ukiziba mmoja, utaziba na mingine, na mgonjwa ataumia.

Katika kampuni ya Ciba-Geigy huko Basel, Uswisi, kikundi cha wanasayansi hawakukata tamaa. Walikuwemo Alex Matter, Nicholas Lydon, Jürg Zimmermann na Elisabeth Buchdunger. Walianza na kemikali iliyoziba kinasi kadhaa, wakawa wanaibadilisha kidogo kidogo, kama fundi wa kufuli anayekwangua ufunguo na kuujaribu tena. Waliongeza kipande kidogo upande mmoja, na kemikali ikaacha kuziba kinasi nyingine ambayo hawakutaka iguswe. Wakaongeza kipande kingine, nayo ikaweza kuyeyuka majini, ndiyo maana leo inamezwa badala ya kudungwa.

Baadaye ilieleweka kwa nini ilifaulu. Kinasi zikiwa zinapiga mbiu, midomo yao hufanana. Zikiwa zimetulia, kila moja ina namna yake ya kufunga mdomo. Dawa hii humkamata Abl anapokuwa katika hali ya kutulia na kumshikilia hapo hapo. Hata hivyo hushika pia wengine wachache. Mmoja wao ndiye husababisha uvimbe fulani wa tumbo na utumbo, na kwa hiyo dawa hii hii hutibu uvimbe huo. Hakuna dawa inayochagua kwa ukamilifu, na tutaona hilo tukifika kwenye madhara.

Daktari Brian Druker wa Oregon, Marekani, aliijaribu kwenye chembe za wagonjwa. Mwaka 1996 matokeo yakachapishwa: chembe zenye Bcr-Abl zilikufa, chembe nzima zikabaki. Juni 1998 mgonjwa wa kwanza alipewa. Mwaka 2001 madaktari walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 54 waliopewa kipimo cha kutosha, damu ya 53 ilirudi kawaida. Mei mwaka huo Marekani iliiruhusu itumike. Jina lake ni imatinib, na jina la kwanza la biashara ni Glivec. Katika utafiti mkubwa wa watu 1,106 ulioanza mwaka 2000, baada ya miaka 10 hivi, watu 83 katika kila 100 walioanza na imatinib walikuwa bado hai. Kabla ya hapo, wengi waliishi miaka michache tu.

Dawa ilivyofika Nairobi

Habari njema za Ulaya na Marekani hazitufai kitu ikiwa dawa haifiki kwetu. Imatinib ilipotoka iliuzwa zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi huko Marekani. Mama muuza mboga angeitoa wapi?

Mwaka 2002 kampuni ya Novartis, iliyozaliwa mwaka 1996 baada ya Ciba-Geigy kuungana na Sandoz, ilianzisha mpango wa kutoa Glivec bure kwa wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Mpango huo uliitwa GIPAP. Uliendeshwa pamoja na shirika la Max Foundation, lililopewa jina la kijana aliyefariki kwa lukemia hii hii mwaka 1991. Jamaa zake hawakuipata dawa hii kwa wakati wa kumsaidia mtoto wao. Wakaamua watoto wa wengine waipate.

Kenya iliingia katika mpango huo, na kliniki yake ikawekwa katika The Nairobi Hospital. Kwa miaka mingi wagonjwa walisafiri kutoka pembe zote za nchi, wakilala kwenye basi usiku kucha ili wachukue dawa asubuhi. Wagonjwa wenyewe waliunda kikundi cha kusaidiana kiitwacho Henzo Kenya. Huko Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi nayo hutibu ugonjwa huu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka imatinib katika orodha ya dawa muhimu, na kampuni nyingine sasa hutengeneza dawa hiyo hiyo kwa bei nafuu.

Sisi wa Kibera tuko karibu kuliko wengi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kutoka hapo unaweza kutumwa Hospitali ya Mbagathi, kisha Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Taratibu za kupata dawa bure au kwa bima hubadilika, kwa hiyo uliza waziwazi: "Daktari, kuna mpango gani wa kunisaidia kupata dawa hii?" Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Jiandikishe mapema kabla ya ugonjwa, na uulize bima inalipia nini.

Kabla ya kuanza dawa, daktari hupima damu kutafuta ile Bcr-Abl yenyewe. Ipo mashine iitwayo GeneXpert, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa kupima kifua kikuu. Ikiwekewa kifaa chake maalumu, huweza pia kupima Bcr-Abl. Kipimo hiki hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa ili kujua kama mpiga mbiu amenyamaza kweli.

Ukijisikia mzima, usiache

Hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu. Turudi kwa mama wetu. Baada ya miezi mitatu ya kumeza imatinib, wengu imerudi ndani, jasho limekauka, na anabeba mtungi mpaka nyumbani bila kuutua. Anajiambia, "Mimi nimepona." Siku nyingine anasahau. Siku nyingine anaruka kwa sababu dawa inamchafua roho. Mwezi mwingine hana nauli, anameza nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi. Shemeji yake akiumwa na tumbo, anamgawia mbili.

Mama huyu hajui kwamba dawa haikumuua mpiga mbiu. Imemziba mdomo tu. Mkono ukiondoka mdomoni, anaanza tena. Na kadiri anavyopata nafasi ya kupiga kelele, ndivyo chembe zinavyozaliana, na baadhi ya hizo chembe mpya huzaliwa na mdomo wa umbo tofauti ambao dawa haiwezi kuushika. Hapo dawa hushindwa. Ugonjwa uliokuwa umelala huamka, na safari hii huamka mkali.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 huko Uingereza ulifuatilia wagonjwa 87 kwa chupa zenye kifaa cha kuhesabu kila chupa inapofunguliwa. Kati ya waliomeza zaidi ya dozi 9 katika kila 10, karibu wote damu zao zilishuka vizuri. Kati ya waliopungukiwa na hapo, waliofaulu hawakufika hata theluthi moja. Kukosa siku tatu au zaidi kwa mwezi kunatosha kuleta tofauti hiyo.

Wengi wetu tumeshuhudia jambo hili kwa dawa za ARV. Jirani anayemeza kila siku anasomesha watoto. Aliyeacha tulimzika. Imatinib nayo ni hivyo hivyo.

Wapo wagonjwa wachache ambao baada ya miaka mingi ya matokeo mazuri sana daktari huwaruhusu kusimamisha dawa, huku wakipimwa damu mara kwa mara. Hata hao, karibu nusu hurudi kwenye dawa. Huo ni uamuzi wa daktari na maabara, si wa mtu peke yake nyumbani.

Namna ya kumeza na kutunza
- Meza kila siku saa ile ile, pamoja na chakula, na glasi kubwa ya maji. Chakula hupunguza kichefuchefu.
- Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima anayeanza ni miligramu 400 kwa siku. Cha mtoto hukadiriwa na daktari kulingana na mwili wake. Usimpimie mwenyewe.
- Asiyeweza kumeza kidonge anaweza kukiyeyusha katika glasi ya maji, akoroge na kunywa mara moja.
- Ukisahau siku moja, usimeze mara mbili kesho yake. Endelea na kipimo chako.
- Nyumba ya mabati hupata joto kali mchana. Weka dawa mbali na jiko na paa, mahali pakavu, ambapo mtoto hafiki.
- Mtafute mtu mmoja wa kukukumbusha. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuweka alama kwenye kalenda kila jioni.
- Tenga nauli ya kliniki mapema, hata kupitia chama chenu.
- Usimgawie mtu. Imatinib haitibu saratani ya matiti wala ya mlango wa kizazi. Kwake haitafanya kitu ila madhara, na wewe utapungukiwa.

Madhara, na mambo ya kumwambia daktari

Tulisema dawa hushika na wengine wachache. Kwa sababu hiyo unaweza kuvimba kidogo kuzunguka macho hasa asubuhi, kukazwa na misuli, kuhara, kichefuchefu au vipele. Kwetu watu weusi, ngozi yaweza pia kupauka na kuwa nyeupe zaidi. Watu watasema unajichubua kwa krimu. Waambie ni dawa. Mengi ya haya hupungua au hutulizwa. Usiache dawa kwa sababu yake, mwone daktari.

Nenda hospitali haraka ukiona: mwili unavimba na uzito kupanda kwa siku chache, kupumua kwa shida, kutokwa damu isiyokoma, macho kuwa ya njano, au homa kali.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, na za mitishamba pia. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya imatinib mwilini. Baadhi ya dawa za Ukimwi nazo huingiliana nayo. Tunda la balungi huongeza dawa kwenye damu, kwa hiyo liepuke. Usiache dawa yoyote kati ya hizo. Daktari atazipanga.

Kwa mama wa umri wa kuzaa: imatinib yaweza kumdhuru mtoto tumboni, na huingia katika maziwa ya mama. Tumia njia ya kupanga uzazi. Ukitaka mtoto, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba. Ukigundua umeshika mimba, usiache dawa kwa siri na usikae kimya. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Na mtoto anayetumia dawa hii apimwe urefu kila anapokwenda kliniki, kwa sababu yaweza kupunguza kasi ya kukua.

Ikiwa dawa imeshindwa

Wakati mwingine mtu humeza vizuri na bado dawa hushindwa. Si mwisho. Wanasayansi walichunguza midomo iliyobadilika umbo, wakatengeneza dawa nyingine za kuishika. Dasatinib iliruhusiwa Marekani mwaka 2006, nilotinib mwaka 2007, na ponatinib mwaka 2012 kwa ajili ya mdomo mmoja mkaidi ambao zile za kwanza hazikuuweza. Mwaka 2021 ikaja asciminib, ambayo haizibi mdomo bali humshika mpiga mbiu kisogoni. Lakini ili daktari ajue unahitaji ipi, ni lazima uwe umemeza kwa uaminifu na ufike kupimwa.

Ya kukumbuka
1. Uchovu wa miezi, jasho la usiku, kukonda na tumbo kujaa upande wa kushoto: omba kipimo cha kuhesabu chembe za damu.
2. Ugonjwa huu haurithiwi, hauambukizwi, na hautokani na uchawi.
3. Imatinib humziba mdomo mpiga mbiu mmoja. Haimwondoi. Ndiyo maana humezwa kila siku.
4. Kujisikia mzima ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, si ruhusa ya kuiacha.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu
- Mama wetu wa mfano alifanya makosa gani manne baada ya kupata nafuu?
- Jirani akikosa nauli ya kwenda kuchukua dawa, kikundi chetu kinaweza kufanya nini?
- Tutamjibu nini anayesema mgonjwa huyu amerogwa?

Akina mama na walezi, muda wetu umekwisha. Kama yupo mtu nyumbani kwako aliyechoka miezi mingi na bado ananunua dawa ya malaria dukani, kesho asubuhi msindikize akapimwe damu. Na kama yupo anayemeza imatinib, usilale leo kabla ya kumuuliza kwa upole: "Umeshameza?" Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kwaherini, na mlale salama.